Kwa Mheshimiwa Mwenye Soko

Barua ya wazi kwa Gabe Newell, mwanzilishi mwenza na mkuu wa kampuni ya Valve, Bellevue, jimbo la Washington, Marekani

Mheshimiwa,

Kwa heshima na taadhima pokea salamu zangu, nyingi kuliko bidhaa zote zilizopangwa kwenye Soko la Steam. Mimi huku ni mzima wa afya njema. Hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Nimesoma kwamba mwaka 2025 uliinunua Oceanco, kampuni ya Uholanzi inayounda meli za kifahari, basi huenda barua hii ikakukuta baharini. Ikiwa bahari imechafuka, iweke kando kwanza. Haina haraka. Yaliyomo humu yamesubiri tangu 2018.

Nakuandikia kutoka Chaussée de Wavre, Brussels, kwenye kile kipande cha juu kinachoanzia Porte de Namur, karibu na uwanja uliopewa jina la Patrice Lumumba tarehe 30 Juni 2018. Watu wanapaita Matonge, kwa jina la mtaa wa Kinshasa. Hapa kuna wasusi, vitenge, sombe, samaki wa chumvi, na Kilingala kila kona. Ila ukitega sikio utatusikia na sisi watu wa Kivu na Katanga tukiongea Kiswahili chetu katikati yao. Barabara hiyohiyo ikiteremka hupita nyuma ya Bunge la Ulaya kabla ya kwenda zake Etterbeek. Waliopitisha sheria ya sarafu za kripto kwa Umoja wa Ulaya mzima ni majirani zangu, ingawa sijabahatika kumwona hata mmoja akija kubadilisha kioo cha simu.

Kibanda changu hutengeneza simu, hutuma pesa na kuuza vocha. Miongoni mwa vocha hizo zimo kadi zako za Steam. Kwa hiyo, Mheshimiwa, kwa namna fulani mimi ni mtu wako. Usishtuke, sidai mshahara.

Naomba nianze kwa pongezi, maana mgeni haanzi na madai. Uliacha kazi Microsoft, mwaka 1996 ukaanzisha Valve na mwenzako Mike Harrington, 1998 mkatoa gemu ya Half-Life, 2003 mkafungua Steam, na leo kijana wa hapa Ixelles na kijana wa Nairobi wananunua gemu dukani kwako. Vijana wanakutania kwamba hujui kuhesabu hadi tatu, kwa sababu Half-Life ya tatu wameingoja mpaka ndevu zimewaota. Mimi nakutetea. Mtu anayekata asilimia 15 kwenye kila skini ya Counter-Strike inayouzwa sokoni kwake, 5 za Steam na 10 za gemu, hesabu anaijua vizuri sana.

Na kwa kuwa barua ya wazi husomwa na wengi, nipe ruhusa niwaeleze wasomaji wenzangu biashara hii, hasa wazazi ambao husikia sauti za risasi chumbani kwa mtoto na kudhani hatari yote ni risasi.

Skini ni rangi. Bunduki ya kwenye gemu hupakwa rangi, kisu hupewa nakshi, glavu hupata urembo. Haiongezi shabaha wala kumkinga mtu na kifo. Zilianza mwezi Agosti 2013, kwenye sasisho la gemu ya Counter-Strike lililoitwa Arms Deal. Mchezaji hupewa kasha lililofungwa. Kulifungua hununua ufunguo, ambao Marekani bei yake ni dola 2.49. Kasha linazunguka, picha zinapita mbio mbele ya macho, moyo unapanda, kisha linasimama. Mwaka 2017, kwa kuwa China iliwalazimisha wenye gemu kutangaza uwezekano wa ushindi, mshirika wenu wa huko, Perfect World, aliweka wazi takwimu: karibu asilimia 80 ya makasha hutoa skini za daraja la chini kabisa, na kisu au kitu adimu cha aina hiyo hutoka kwa asilimia 0.26. Nimepiga hesabu kwa kalamu ya dukani. Ni kama mara 1 katika 385, yaani funguo za karibu dola 960 kwa kisu kimoja, tena kwa wastani. Mwenye bahati mbaya hana kikomo.

Hayo Ubelgiji iliyaona. Mwezi Aprili 2018 Tume ya Michezo ya Kamari ilisema makasha ya namna hiyo katika FIFA 18, Overwatch na Counter-Strike yako ni kamari chini ya sheria ya mwaka 1999: kuna mchezo, kuna dau, kuna kushinda au kushindwa, na bahati ina mkono wake. Waziri wa Sheria wa wakati huo, Koen Geens, akakumbusha kwamba adhabu inaweza kufika kifungo cha miaka 5 na faini ya yuro 800,000, na kuongezwa maradufu watoto wakihusika. Ninyi mkatii. Katikati ya mwaka uleule mchezaji wa Ubelgiji, na mwenzake wa Uholanzi, akibonyeza kasha halifunguki. Wafaransa nao mwaka uliofuata mliwapa mashine ya kuchungulia kilichomo kabla ya kulipa. Kwa utiifu huo nakushukuru kwa dhati. Mlionyesha kwamba mnajua kila mchezaji anaishi nchi gani, na kwamba mkitaka kuzima kitu kwa nchi moja mnakizima.

Sasa nakaribia jambo lenyewe, na naomba radhi mapema kwa kulitaja mbele za watu.

Mwezi uliopita kijana mmoja wa hapa mtaani aliingia dukani. Mtoto mzuri, ana adabu, kumi na tisa hivi, mama yake ni mtu wa Uvira. Akasubiri zamu yake, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Baba, unanunua Tether?"

"Nanunua simu zilizovunjika."

"Nina za yuro mia na sitini. Nimeuza kisu."

Nyuma yake alikuwepo mama aliyekuja kutuma pesa Bukavu. Aliposikia habari ya kisu aliukumbatia mkoba wake na kurudi hatua mbili mpaka kwenye kabati la chaja. Ilinichukua muda kumweleza kwamba kisu chenyewe ni picha, kwamba hakikati hata nyanya, na kwamba picha hiyo bei yake ni zaidi ya pesa alizokuja kutuma. Nadhani maelezo yangu yalimtisha kuliko kisu.

Mheshimiwa, nisaidie kumweleza mama huyo. Kwenye Steam pesa huingia lakini haitoki: kadi niliyoiuza mimi, ikishaingia kwenye pochi ya Steam, hainunui ndizi wala tiketi ya tramu. Kinachotoka ni skini, kwa sababu mmewaruhusu wachezaji kupeana wao kwa wao. Basi skini ikawa ndiyo noti. Zikazuka kurasa za kamari zinazokupokea kwa kitufe cha kuingilia cha Steam yenyewe: unaweka kisu mezani, unapewa sarafu za humo ndani, unacheza ruleti, unacheza jackpoti, unacheza krashi, ule mstari unaopanda na kupanda na wewe unatakiwa kuruka kabla haujaanguka. Mwaka 2018 mlipoweka muda wa kungoja wa siku 7 kwa kila kitu kilichobadilishwa, kurasa hizo hazikufa. Zilianza kuwakutanisha wachezaji wapeane skini moja kwa moja, na upande wa pesa zikajaza kripto: bitcoin, ether, litecoin, na Tether, ile ambayo moja imekusudiwa kuwa dola moja.

Kripto ndiyo iliyokamilisha mzunguko. Zamani palikuwa na benki mahali fulani katikati, na benki, pamoja na ubaya wake wote, huuliza maswali. Sasa kijana anaweka Tether, anabeti, anatoa skini. Au anaweka skini, anabeti, anatoa Tether. Nyingi kati ya kurasa hizi zina leseni ya Curaçao, kisiwa ambacho nina hakika wateja wake wengi hawawezi kukionyesha kwenye ramani, na nyingine hazina leseni yoyote. Na kichekesho kinachouma ni hiki: kasha ambalo wewe umelifunga kwa watoto wa Ubelgiji, wao wanaliiga na kulifungua kwao, linazunguka vilevile, lina visu vilevile, na linalipwa kwa kripto.

Niruhusu nikukaribishe nyuma ya kaunta yangu, uone sheria zinavyogawanyika kwenye meza yenye upana wa mita moja na nusu. Mama wa Bukavu anataka kutuma yuro 50 kwa dada yake. Namwomba kitambulisho, naandika jina la mpokeaji, namuuliza uhusiano wao. Hiyo ni siku za kawaida. Mwanzoni mwa 2025, waasi wa M23 walipoingia Goma na kisha Bukavu na benki zikafunga milango, hata kujibu maswali yote hakukusaidia kitu. Kuna pia kubeti: tangu tarehe 1 Septemba 2024 nchi hii hairuhusu aliye chini ya miaka 21 kubeti, na tangu Oktoba 2022 ukurasa wenye leseni ya Ubelgiji hauruhusiwi kupokea zaidi ya yuro 200 kwa wiki kutoka kwa mchezaji mmoja, isipokuwa yeye mwenyewe aombe kikomo kipandishwe na achunguzwe kwanza. Bahati nasibu ya taifa nayo haiuzwi kwa aliye chini ya miaka 18. Kisha anakuja mtoto wa miaka 14 na noti ya yuro 20, anataka kadi ya Steam. Hapo sina swali hata moja la kumuuliza. Namwambia asante, karibu tena.

Sisemi kadi ni dhambi. Watoto wengi hununua gemu wakacheza wakalala. Nasema tu kwamba, kwenye kaunta hii, anayechunguzwa kuliko wote ni yule mama.

Najua jibu lako, nimelisoma, na ni jibu lenye adabu. Julai 2016, baada ya kufichuka kwamba vijana wawili wa YouTube waliokuwa wakiusifia ukurasa wa CSGO Lotto ndio waliokuwa wenye ukurasa huo, kampuni yako ilisema haina uhusiano wa kibiashara na kurasa za kamari, haijapokea mapato kutoka kwao, na kwamba Steam haina njia ya kugeuza vitu vya gemu kuwa pesa taslimu. Mkazipelekea kurasa 23 barua za kuzitaka ziache. Oktoba mwaka huohuo Tume ya Kamari ya jimbo lako mwenyewe, Washington, ilipowataka mkomeshe upelekaji wa skini kwenye kamari, mkajibu kwamba hamjavunja sheria. Mimi si mwanasheria na sitabishana.

Ila kwetu Bukavu, soko la Kadutu, mwenye soko akitoza ushuru kila meza, kisha nyuma ya meza wakakaa wachezesha karata tatu, tunaweza kumwamini akisema hawajui. Ugumu unakuja tukigundua kwamba karata zimechapwa kwake, kwamba mchezaji haingii bila kuonyesha kitambulisho kilichotolewa naye, na kwamba karata zikipanda thamani, wanunuzi wa karata mpya huongezeka kwenye duka lake. Hapo tunamsalimia kwa heshima ileile, lakini hatumkopeshi tena.

Na tafadhali usiniambie kwamba hamna nguvu. Unyenyekevu una mipaka. Oktoba 2019 mliandika wenyewe kwamba karibu funguo zote zilizokuwa zikibadilishwa au kuuzwa sokoni zilitokana na ulaghai, kwamba mitandao ya wahalifu duniani ilizigeuza kuwa njia ya kutakasa fedha. Mkafanya nini? Mkatangaza kwamba ufunguo utakaonunuliwa kuanzia siku hiyo haubadilishwi na mtu wala hauuzwi sokoni. Tangazo moja, basi. Mwaka 2025 mkawapa wachezaji uwezo wa kurudisha nyuma mabadilishano ndani ya siku 7 endapo wameibiwa. Tarehe 22 Oktoba mwaka huohuo mkaandika aya chache kwenye sasisho, kwamba skini tano za daraja la rangi nyekundu zinaweza kubadilishwa kuwa kisu au glavu, na kwa makadirio ya wanaofuatilia bei soko la skini lililokuwa na thamani ya dola kama bilioni 6 likapoteza karibu bilioni 2 ndani ya muda mfupi. Magavana wa benki kuu hukutana, hushauriana, hunywa maji kwenye glasi, ninyi mlibonyeza. Labda ndiyo faida ya kuwahi kumwajiri mchumi Yanis Varoufakis mwaka 2012 awatazamie uchumi wa kofia na bunduki za kwenye gemu, kabla hajaenda kuwa Waziri wa Fedha wa Ugiriki. Kazi mliyompa ilikuwa tulivu zaidi.

Kripto yenyewe mnaijua kuliko mimi. Aprili 2016 Steam ilianza kupokea bitcoin. Desemba 2017 mkaiacha, mkisema ada ya muamala mmoja imefika karibu dola 20 na bei inayumba mno. Baadaye wewe mwenyewe ulieleza kwenye mahojiano kwamba karibu nusu ya miamala hiyo ilikuwa ya udanganyifu. Oktoba 2021 mkapiga marufuku Steam gemu zinazotoa au kubadilishana kripto na NFT. Ulikuwa uamuzi wa busara. Kwa hiyo kripto haina ruhusa ya kupita mlango wako wa mbele hata ikivaa suti, na wakati huohuo bidhaa yako ndiyo inayoipa kazi uani usiku kucha. Mtu asiye na heshima angeuita huo unafiki. Mimi nauita kuchelewa kidogo.

Yule kijana wa kisu hajalia mbele yangu wala hajafilisika, nisije nikadanganya. Alipata mtu mwingine wa kumbadilishia Tether zake, akanunua viatu. Wiki iliyofuata alikuja kununua kadi. Mchezo huu hauhitaji mtu afilisike, unahitaji arudi. Naye atatimiza 21 akiwa na miaka kadhaa ya uzoefu katika jambo ambalo sheria ya nchi inasema hajawahi kuruhusiwa kulianza. Akiwa mikononi mwa kamari yenye leseni, siku akisema imetosha, mama yake au daktari anaweza kumwongoza ajiandikishe kwenye orodha ya waliozuiwa, inayoitwa EPIS, na kila kasino ya Ubelgiji italazimika kumfungia mlango. Curaçao haiisomi orodha hiyo, na pochi ya kripto haina jina la kulinganisha na orodha yoyote.

Ombi langu ni dogo, nalitoa nikiwa nimevua kofia. Mlichoufanyia ufunguo mwaka 2019, kifanyieni skini kwa akaunti za Ubelgiji: ikishaguswa na akaunti inayotumikia kurasa za kamari, isibadilishwe tena na mtu. Itabaki kwenye bunduki ya mwenyewe, atapendeza nayo, atawapigia wenzake picha. Na kile kitufe cha kuingilia cha Steam, kizimwe kwa kurasa hizo hapa nchini. Akaunti hizo mnazijua, maana zinapokea na kutoa skini kwa wingi usiku na mchana, na kurasa zenyewe zinajitangaza kwa majina. Najua zitazuka nyingine. Hata makasha bandia yalizuka, na bado mlifunga ya kwenu.

Bei za skini zitashuka, sikufichi. Walioweka akiba zao kwenye visu watakasirika, watakuandikia barua zisizo na salamu. Makato yako ya asilimia 15 yatapungua kwa nchi moja ndogo yenye watu wasiofika milioni 12. Nadhani meli itaelea.

Inasemwa kwamba barua pepe za wateja huzisoma wewe mwenyewe na nyingine huzijibu kwa mstari mmoja tu. Mstari mmoja unanitosha, kwa Kiingereza, nitawatafsiria wenzangu: ndiyo au hapana, kwa Ubelgiji peke yake. Ikiwa ni hapana, naomba unisaidie na maneno ya kumwambia mtoto wa miaka 14 aliyesimama mbele yangu na noti ya yuro 20, kwa sababu mwenye bidhaa ni wewe na mimi ni mwuzaji tu.

Wako mtiifu,

Mwuza kadi zako, Chaussée de Wavre, Ixelles

Nakala: Tume ya Michezo ya Kamari, Brussels